Bembea Chini ya Mlima wa Moto

Mji wa Baños de Agua Santa, katika nchi ya Ekwado huko Amerika ya Kusini, umebanwa ndani ya bonde la milima ya Andes, kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja lapita korongo la mto Pastaza. Upande wa pili umesimama mlima Tungurahua, kimo chake mita 5,023, nao ni mlima wa moto. Jina la mji lina maana ya hamamu za maji matakatifu, kwa sababu ya chemchemi za maji moto zitokazo chini ya mlima huo. Wageni huja huko kutoka pembe zote za dunia ili wajitie hofu kwa hiari yao: kuruka madarajani wakiwa wamefungwa kamba, kuvuka makorongo wakining'inia kwenye waya, kushuka mto wenye majabali kwa mashua za mpira. Hiyo ndiyo riziki ya mji.

Tulifika kwa basi kutoka Quito, mji mkuu, mwendo wa saa nne hivi. Tulikuwa watu watano wa Pwani, wawili kati yetu vijana, na mmoja wa vijana hao ni mwanafunzi huko Quito, naye ndiye aliyekuwa ulimi wetu katika Kihispania. Jina la nchi hiyo lenyewe maana yake ni ikweta. Mstari ule ule unaoikata Kenya yetu wapita kaskazini kidogo ya Quito, basi jua lao huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili kama letu, ila saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa 8. Kibla ndicho kilichotugeuza. Sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Kule tulisimama tukielekea linakochomoza jua, tukipinda kidogo tu upande wa kaskazini.

Asubuhi tulipanda gari waliitalo chiva. Ni lori lililotolewa mbavu na kutiwa mabenchi ya mbao, lina taa za rangi na muziki wa kutikisa mifupa. Tulimwomba dereva apunguze sauti. Alipunguza, mpaka kona iliyofuata. Tulikuwa abiria wapatao thelathini, wengi wao wenyeji wa miji mingine ya Ekwado waliokuja na watoto na nyanya zao, jambo lililotufurahisha, kwani tulidhani tutakuwa na vijana wa Ulaya peke yao.

Barabara yafuata ukingo wa korongo kuelekea mashariki, ambako Pastaza hushuka kwenda kuungana na mito ya Amazoni. Tulipita bwawa la Agoyán, lizalishalo umeme tangu mwaka 1987, kisha tukavuka korongo ndani ya kijisanduku cha chuma kinachovutwa juu ya waya, miguu yetu ikiwa imetenganishwa na kilindi kwa kipande cha bati. Kiasi cha kilomita 18 kutoka mjini, katika kijiji cha Río Verde, tuliteremka kwa miguu hadi kwenye maporomoko makubwa ambayo wenyewe wameyaita Sufuria ya Ibilisi. Tuliomba hifadhi kwa Mola kwa sababu ya jina hilo, kisha tukayatazama kwa muda mrefu. Maji yaanguka kiasi cha mita 80 ndani ya kisima cha mawe meusi, na mvuke wake hulowesha nguo kabla mtu hajayafikia. Mkono wa jirani utauona ukipunga, sauti yake huisikii.

Chakula cha mchana kilikuwa samaki wa mto aitwaye trucha, wali na ndizi mbichi za kukaanga. Hatukuhitaji kuuliza maswali mengi jikoni.

Tuliporudi mjini, kijana wetu mdogo alisimama kwenye daraja moja ambapo watu huruka. Akasema, "Ami, nipe rukhsa niruke." Tulimjibu, "Mwanangu, kwanza muulize mwenye kamba imeanza kutumika lini, na ni nani aliyeikagua leo." Akaenda na mfasiri wake. Yule mwenye kamba alicheka, akasema hajafa mtu. Kijana akarudi mwenyewe, hakuongeza neno. Lakini mahali pengine, penye waya wa kutelezea juu ya korongo, tulimwona binti mmoja akivuta kila ukanda na kila kifungo, kisha mwenzake akija kuvivuta tena upya, ijapokuwa foleni ilikuwa ndefu na watu wakinung'unika. Hapo tulimpa kijana rukhsa kabla hajaomba.

Kiongozi wetu wa safari aliyaona hayo, na nadhari yake ikahama kutoka kwenye mzaha wake wa siku nzima. Alituonyesha vibao vya njia ya kukimbilia vilivyowekwa mitaani, ambavyo wageni wengi huvipita bila kuvisoma, akaanza kutusimulia. Mwezi wa Oktoba 1999 Tungurahua uliamka baada ya kulala miaka mingi. Serikali iliamuru mji uhamwe. Takriban watu 25,000 wa mjini na vijijini waliondoka, naye akiwa mtoto wa miaka tisa. Walikaa ugenini zaidi ya miezi miwili, wakilala katika shule na kwa jamaa, kazi hawana, na mwaka huo huo mabenki ya nchi yalikuwa yakianguka na sarafu yao ikielekea kufutwa na kupisha dola ya Kimarekani. Januari 2000 wakachoka. Waliwasukuma askari waliowekwa njiani, wakarudi majumbani mwao na mlima ukiwa bado watema majivu.

Kurudi kwao kulikuja na kazi. Wakulima na wenyeji waishio kwenye mabega ya mlima walipewa redio za mawasiliano, wakawa walinzi wa kujitolea, huitwa vigías. Kila walichokiona au kukisikia, mngurumo, majivu, tope likishuka bondeni, hukitangaza kwa wataalamu wa kituo cha uangalizi. Agosti 2006 mlima ulilipuka kwa nguvu, watu wakafa na vijiji vya upande wa magharibi vikaharibiwa, mji ukanusurika. Mlima uliendelea hivyo, ukitulia na kuamka, hadi mwaka 2016.

Alasiri tulipanda hadi mahali paitwapo Casa del Árbol, yaani nyumba ya mtini, kwenye kimo cha mita 2,600 hivi. Kuna bembea irukayo juu ya bonde, na picha yake imezunguka dunia nzima. Foleni yake yatukumbusha bembea za Idi pale Makadara, kwa kelele na kwa watoto wanaolia wasishuke. Wengi katika foleni hiyo walikuwa wakitafuta pembe nzuri ya picha. Kibanda chenyewe juu ya mti kilikuwa kituo cha mlinzi: hapo alikaa mmoja wa wale wa kujitolea, akiutazama mlima ulio mbele yake. Bembea ilikuja kuwa maarufu baadaye.

Wingu lilipofunguka kwa dakika chache tuliuona mdomo wa Tungurahua. Kijana wetu alikuwa zamu yake imefika, kafungwa ukanda kiunoni. Aliuomba msukumo mmoja, kisha akashuka, akapanda ngazi ya kibanda, akakaa dirishani akitazama huko mpaka wingu lilipofunga.

Usiku tuliingia hamamuni. Maji yana rangi ya udongo na harufu ya madini, na wazee wa mji walikuwa wamekaa ndani yake hadi shingoni, wakizungumza bei za sukari na mahindi. Njiani kurudi tulipolala, kijana alisimama penye kibao, akakisoma, kisha akahesabu mitaa iliyobaki hadi mlangoni petu: ilikuwa mitatu.