Ukitumwa Kilosa na Mikumi, Fumbua Macho

Mtu akitumwa safari kwa kazi ya wengine, watu wa nyumbani hudhani amekwenda kutembea, na wale waliomtuma huogopa asije akatembea kweli. Mimi ni karani wa parokia, nami hutumwa mara kwa mara. Nauli ninayopewa imetoka katika sadaka za watu wa vijijini, kwa hiyo haifai kuichezea. Lakini kazi ikishatimizwa, hubaki saa moja hapa na saa mbili pale, ambazo wengi wetu huzimaliza kwa kusinzia kituoni. Ndugu msomaji, nataka kukueleza jinsi saa hizo zinavyoweza kutumika vema katika safari ya siku mbili tu.

Nilikuwa na kazi mbili: kufuatilia karatasi za kiwanja katika ofisi za wilaya pale Kilosa, kisha kupeleka barua Mikumi na kupokea majibu. Nilipanda gari Dumila alfajiri. Njia ile hupita Msowero, kisha Rudewa, ndipo ufike Kilosa. Ukipita Msowero usilale. Hapa ndipo Novemba 1884 alipofika Carl Peters, Mjerumani wa miaka 28, akiwa na karatasi zilizoandikwa kwa lugha ya kwao. Mangungo, mtawala wa Msowero, akatia alama yake. Karatasi ile ilisema kwamba ameitoa nchi yake yote. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya kuzilinda nchi zilizopatikana kwa mikataba ya namna hiyo, na mambo ya utawala wa kigeni yakaanzia hapo. Sote tulisoma habari hizo shuleni, lakini ni kitu kingine kupaona mahali penyewe, mtu akipalilia mahindi yake kando ya barabara, nawe una bahasha ya karatasi za kiwanja mapajani.

Nilipofika ofisini niliambiwa karatasi zangu zitakuwa tayari saa nane mchana. Basi nikaenda kuuona mji. Kilosa iko kando ya mto Mkondoa, chini ya milima ya Usagara. Zamani misafara kati ya pwani na bara ilipita katika bonde hili kwa sababu ya maji na chakula. Baadaye reli ikafuata njia hiyo hiyo. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mto uliowapa wasafiri maji ndio pia unaowatia hasara: mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliibomoa reli na kuwatoa maelfu ya watu katika nyumba zao. Leo kuna reli mpya, ile ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Karibu na Kilosa imepita ndani ya milima kwa mahandaki. Kuzitazama reli mbili, ya mababu na ya wajukuu, katika bonde moja, hakuna anayekudai senti.

Njaa iliponibana nilikwenda kwa mama lishe karibu na soko. Shauri langu ni hili: usiulize chakula ulichokizoea, uliza kilichopikwa leo. Nilipewa ugali wa dona, mlenda uliotiwa karanga, na kipande cha kambale aliyekaushwa kwa moshi. Mlenda ni chakula cha nyumbani kwa watu wengi wa pande hizi, na mgeni anayeukubali hufunguliwa mazungumzo. Kabla sijanawa mikono nilikwisha kujua habari za mvua, bei ya ufuta, na gari gani huondoka mapema kwenda Mikumi.

Saa nane nilirudi ofisini. Nilipopewa kitabu nitie sahihi ya kupokea, kwanza niliisoma kila karatasi neno kwa neno, tangu namba ya kiwanja hadi mipaka yake. Yule bwana aliningoja kwa subira. Nilikuwa nimetoka Msowero asubuhi ile ile. Nisingeweza kufanya vingine.

Siku ya pili nikaenda Mikumi. Katikati ya njia kuna mahali panapoitwa Ulaya, basi abiria hufurahi sana kusema kwamba wamefika Ulaya bila pasi. Wakati wa masika uliza kwanza hali ya barabara. Mikumi yenyewe ni mji mdogo juu ya barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, na jina lake limetokana na miti ya mikumi, jamii ya minazi. Nilipeleka barua, nikapewa majibu, nikala nyama ya mbuzi ya kuchoma na ndizi. Ukiletewa kitoweo cha porini kisicho na kibali, kikatae. Ni kosa la sheria.

Sasa sikiliza siri ya safari hii. Kurudi nyumbani kutoka Mikumi nilipitia Morogoro, na barabara hiyo hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa muda wa kilometa 50 hivi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, na ukubwa wake ni kilometa za mraba 3,230. Atakaye kuingia ndani sharti alipe kiingilio, lakini abiria wa basi hulipa nauli yake tu. Omba kiti cha dirishani upande wa kushoto, unaoelekea mbuga ya Mkata. Niliona swala wengi, pundamilia, twiga wawili, na nyani wamekaa kando ya lami kama wazee wa baraza. Usiwatupie chakula, wala maganda. Mnyama aliyezoea kuokota barabarani mwisho wake ni kugongwa. Madereva nao wanatakiwa kwenda polepole, na anayegonga mnyama hutozwa faini.

Nilifika nyumbani na karatasi zote, majibu ya barua, na hesabu ya nauli iliyolingana. Tena nilikuwa na mzigo usio na uzito. Tunawapeleka watoto wetu shuleni wasome habari za Mangungo, za reli na za wanyama, na sisi wenyewe tunapita hapo hapo macho yamefumbwa. Mtoto akifungua kitabu chake jioni, ni jambo jema mzazi aweze kumwambia: Mahali hapo napajua, njoo nikueleze palivyo.