Pembe za London Zisizotembelewa na Wengi

Mgeni afikapo London huonyeshwa kwanza kasri la Buckingham, kisha saa kubwa ya Big Ben na daraja la Tower Bridge. Hupigwa picha, akarudi kwao akisema kwamba ameuona mji. Kumbe ameiona London ya wafalme tu.

Mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka kanisa kuu la St Paul's, iko bustani ndogo iitwayo Postman's Park. Ilipewa jina hilo kwa sababu watumishi wa Posta Kuu, iliyokuwa jirani, walizoea kupumzika hapo saa ya chakula cha mchana. Ndani yake upo ukuta uliofunikwa paa, na ukutani vimebandikwa vigae vyenye maandishi. Mwaka 1887 mchoraji mashuhuri George Frederic Watts aliandika katika gazeti la The Times akitaka watu wa kawaida waliokufa wakiwaokoa wenzao wawekewe ukumbusho. Ombi lake halikutimizwa. Basi akaujenga mwenyewe, ukafunguliwa mwaka 1900.

Miongoni mwa majina hayo limo la Alice Ayres, yaya mwenye umri wa miaka 25, binti wa kibarua. Usiku mmoja wa Aprili 1885 duka la dada yake na shemeji yake lilishika moto, nao wote wamelala ghorofani. Watu waliokuwa barabarani walimsihi aruke. Hakuruka. Alitupa godoro chini kwanza, akarudi ndani ya moshi mara tatu, na kila mara akamdondosha mtoto mmoja juu yake. Alipokuja kuruka mwenyewe nguvu zilikuwa zimemwisha. Akaanguka vibaya, akafa baada ya siku mbili. Mtoto mmoja naye alikufa kwa majeraha ya moto, wawili walipona. Kigae cha mwisho kuongezwa ukutani ni cha mwaka 2009, kwa hiyo wasidhani watu kwamba ushujaa wa namna hiyo ni wa zamani tu.

Kutoka hapo, atakayetembea kama nusu saa atafika Foundling Museum, karibu na Brunswick Square. Nahodha Thomas Coram, alipoona watoto wachanga wametupwa njiani, alihangaika miaka 17 hata akapata kibali cha mfalme mwaka 1739 cha kuwajengea makao. Mama aliyemleta mtoto aliacha alama: nusu ya sarafu, kifungo, hata ganda la kokwa, ili siku akirudi aweze kumtambulisha mwanawe, maana mtoto alipewa jina jipya. Waliorudi walikuwa wachache mno. Alama zao zingali kabatini, nyuma ya kioo.

Makao yenyewe yalibomolewa katika miaka ya 1920. Sehemu ya kiwanja chake sasa ni uwanja wa michezo uitwao Coram's Fields, na mtu mzima asiyefuatana na mtoto haruhusiwi kuingia.