Chupa tatu za Coco Beach

Najua nimepotea, test zilitukalia kooni hapa Chang'ombe, lakini tuko hai. Leo nawaletea stori ya picha yangu moja ya Coco Beach, maana imezua ubishi hosteli wiki nzima.

Kwanza jiografia kidogo (si mnajua ndicho ninachosomea kufundisha). Pwani yetu inatazama mashariki. Pale Coco jua linatokea baharini na linazama mjini, nyuma ya majumba. Ukitaka jua linalozama majini, nenda Slipway kule Msasani, inayotazama magharibi ng'ambo ya ghuba. Mimi nilitaka la asubuhi. Hapa Dar jua huchomoza kati ya saa 12 kasorobo na saa 12 na dakika 40 kutegemea mwezi, kwa hiyo ukitokea Temeke daladala unalidaka giza giza bado.

Picha yenyewe: mbele mawe ya matumbawe na mchanga mbichi, katikati ngalawa imelala, nyuma bahari na jua. Na kwenye mchanga, chupa tatu za maji, tupu.

Mtu wa kwanza kuiona ni rumu-meti wangu. Akachukua simu, akaingia Snapseed, akavuta rangi mpaka mbingu ikawa kama juisi ya embe. "Umeona sasa? Inatisha!" Kweli inatisha. Ukiangalia pembeni mwa ngalawa kuna kamstari keupe kameizunguka kama imechorwa na mtoto. Asubuhi ikageuka jioni. Nikamwambia mwanangu, bahari haipo magharibi ya Dar. Akasema nani atajua.

Mtu wa pili ni dada mmoja wa mwaka wa tatu anayejilipia ada kwa kupiga picha za harusi. Huyu hakugusa rangi kabisa. Kwanza akaangalia mstari wa upeo, ulikuwa umenyooka, tukaendelea. Kisha akasema mstari umekaa katikati, picha inakuwa vipande viwili vinavyogombana. "Unatuonyesha mbingu au mchanga? Chagua." Mbingu haikuwa na wingu hata moja, kwa hiyo tukaikata mpaka ikabaki kama theluthi, na mawe yakapata uzito. Akapunguza mwanga kidogo pale jua lilipokuwa linaunguza picha, akafungua kivuli cha ngalawa mbao zikaonekana. Basi, hakufanya lingine. Nilijifunza zaidi katika dakika kumi zile kuliko mwezi mzima wa kubonyeza bonyeza peke yangu.

Wa tatu ni baba mdogo, amevua samaki miaka mingi upande wa Kigamboni. Nilimwamkia, nikampa simu. Hakusema nzuri wala mbaya. "Haya maji yanatoka. Bamvua." Amejuaje? Mchanga umelowa mpaka juu na ngalawa imeachwa kavu mbali. Siku za bamvua huku kwetu maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, halafu hupwa kwenye saa nne. Kwa hiyo jua likichomoza maji ndiyo yanaondoka, yanaacha mchanga unaong'aa kama kioo. Ukienda siku za maji mafu hupati kioo hicho. Sijaona video yoyote ya mafunzo ya picha inayosema hilo, na kwa mpiga picha wa pwani naona lina faida kuliko kamera mpya.

Sasa ubishi. Yule dada anamfahamu jamaa anayechapa kalenda Kariakoo. Jamaa akaipenda picha, elfu thelathini mkononi, ila chupa zifutwe. Dada akaniambia kufuta ni sekunde tano, chukua hela. Wadau, elfu thelathini kwa mwanafunzi ambaye boom halijatoka mnaijua wenyewe.

Nikakataa. Kukata mbingu sioni shida, ni sawa na kusogea hatua mbili. Kufuta kitu kilichokuwepo ni jambo jingine. Na picha hii nataka kwenda nayo TP. Mnakumbuka kidato cha tatu, mada ya kusoma na kufasiri picha? Mbele kuna nini, katikati, nyuma. Ni saa ngapi, mpiga picha alielekea wapi. Shughuli gani za binadamu zinaonekana. Kivuli cha ngalawa kinakuja kwetu, kwa hiyo jua liko mbele yetu. Ile ya rumu-meti mtoto ataandika tunatazama magharibi, nami nitamkosesha kwa haki gani? Na chupa ni jibu pia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, chupa za maji hazikuguswa, na mwanafunzi mwenye macho atauliza kwa nini.

Jamaa wa kalenda nikamwonyesha picha nyingine safi, hakuitaka. Rumu-meti ananiita mwalimu njaa mpaka leo. Dada naye anasema ningempa jamaa iliyofutwa na nibaki na yangu ya darasani, kila mtu na shida yake. Hoja yake ina nguvu, sijapata jibu la kumridhisha.

Bamvua ijayo naelekea Kunduchi kwa wavuvi. Anayetaka tuongozane aje, saa kumi na nusu alfajiri getini, nauli kila mtu na yake.