Mataruma ya Gitaa

Lilinijia likiwa limefungwa kwa shuka, kama mtoto anayepelekwa zahanati. Kijana aliyelibeba hupiga gitaa kanisani upande wa Runyenjes. Alikuwa ameshuka stendi ya Embu mjini akatembea hadi kibandani kwangu hapa mtaani Dallas, jasho likimtoka.

“Fundi, nyuzi zimepanda juu, vidole vinaniuma. Nipunguzie hapo kwenye daraja kidogo tu.”

Nililiinua usawa wa jicho nikalitazama kwa upande. Nyuma ya daraja ubao wa uso ulikuwa umevimba kama tumbo la mtu aliyeshiba. Mbele ya daraja, kuelekea tundu, ulikuwa umezama. Daraja halikuwa na kosa lolote. Nikachukua kioo kidogo cha kunyolea na tochi ya simu, nikachungulia ndani. Kulikuwa na vijiti vitano vyembamba vilivyotandazwa kama vidole vya mkono uliokunjuliwa, na viwili kati yake vilikuwa vimeshabanduka. Hilo lilikuwa gitaa la nyuzi za nailoni. Lilikuwa limewambwa nyuzi za chuma.

“Nani alikufungia hizi?”

“Niliuziwa dukani. Waliniambia ni nyuzi za gitaa.”

Ni kweli, ni nyuzi za gitaa. Lakini nyuzi sita za nailoni huuvuta uso wa gitaa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 40, na za chuma, hata seti nyembamba, hukaribia kilo 75. Kwa miaka miwili mtu mzima alikuwa amening'inia usiku na mchana kwenye ubao usiofika milimita 3, umeshikwa na vijiti vilivyokusudiwa kumbeba mtoto.

Kila mteja anayeingia hapa huniuliza gitaa limetengenezwa kwa mti gani. Sijawahi kumpata wa kuniuliza juu ya mataruma. Neno hilo nimeliazima kwa mafundi wa majahazi wa Pwani, ambao huita hivyo zile mbavu za ndani zinazoshikilia mbao za chombo. Wenzangu hapa mjini husema breisi. Kwa vyovyote tutakavyoyaita, hayaonekani mpaka uchungulie kwa kioo, na nimeishi nayo miaka mingi kiasi cha kuamini kwamba sauti ya gitaa huamuliwa hapo kuliko mahali pengine popote.

Kabla ya magitaa nilikuwa seremala wa vitanda na makabati. Seremala hulelewa akiogopa kitu kuvunjika, na woga huo niliingia nao katika gitaa langu la kwanza. Nililipasulia mataruma ya mti wa mukima, manene, kimo cha milimita 20, nikayabandika kwa gundi nyingi. Lilisimama imara. Ungeweza kulikalia. Lakini ukipiga uzi, sauti ilitoka na kukatika papo hapo, kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Nililitundika ukutani miezi kadhaa bila kujua nimekosea wapi. Siku moja, kwa uchungu tu, nikafunga msasa mkali kwenye kipande cha mti uliopinda, nikaupitisha tunduni nikaanza kukwangua kile nilichoweza kukifikia. Kila baada ya dakika chache nilipiga uzi wa sita. Kufikia jioni lilikuwa limeanza kuitika.

Uso wa gitaa umetwishwa kazi mbili zinazogombana. Lazima uwe mgumu ili usishindwe na mvuto wa nyuzi, na lazima uwe mwepesi ili utikisike, maana uzi wenyewe ni mwembamba mno kusukuma hewa. Ubao ndio unaoisukuma. Taruma ndilo linalosuluhisha ugomvi huo. Kanuni yake kila seremala huijua mkononi hata kama hajawahi kuiona kwenye karatasi. Ukiongeza upana wa taruma maradufu, ugumu wake huongezeka maradufu. Ukiongeza kimo chake maradufu, ugumu huongezeka mara 8. Kwa hiyo taruma jembamba lililosimama hushinda pana lililolala, kwa uzito uleule. Kinyume chake ndicho kinachonifanya nishike pumzi ninapofanya kazi: nikitoa milimita 1 kwenye taruma lenye kimo cha milimita 14, nimeondoa sehemu moja kati ya tano ya ugumu wake. Randa ikipita mara mbili tatu, basi.

Kazi yenyewe huifanya asubuhi, kabla mashine za wachomeaji vyuma hazijaanza kelele. Naushika uso, ukiwa bado haujafungwa kwenye mwili, kwa vidole viwili tu pale juu pembeni, nauacha uning'inie karibu na sikio. Nagonga kwa kifundo cha kidole pale daraja litakapokaa. Mwanzoni hujibu “ti”, fupi na kavu. Naulaza mezani, nachukua patasi iliyonolewa hadi inyoe nywele za mkono, naanza kuteremsha ncha za mataruma zikaribie ukingo. Maranda ya mbao hujikunja kama ganda la karoti. Nainua, nagonga. Sauti imeshuka kidogo. Nakwangua tena, upande wa nyuzi nene kwanza. Inafika wakati ubao unajibu “tuum”, na hiyo “uu” inabaki sikioni baada ya kidole kuondoka. Hapo naweka patasi chini, hata kama mkono bado unataka kuendelea. Ukivuka hapo inakuwa “bwaa”: besi imejaa, nyuzi nyembamba zimepotea, na baada ya mwaka uso utavimba. Kuna magitaa mawili niliyowahi kuyavusha hapo. Mbao ukishaikwangua huwezi kuirudishia.

Mpangilio wa mataruma nao una historia yake. Vile vidole vilivyotandazwa vilikomazwa na Antonio de Torres, fundi wa Hispania aliyefariki mwaka 1892, na mpaka leo magitaa ya nailoni yanamfuata yeye. Mpangilio wa herufi X, mataruma mawili makubwa yanayokatana chini ya tundu, ulianza kuonekana Marekani miaka ya 1840 katika magitaa ya C. F. Martin. Ajabu ni kwamba wakati huo nyuzi zilikuwa za utumbo wa mnyama. X ilingoja miaka kama 80 mpaka nyuzi za chuma zilipoenea, ikaonekana kana kwamba iliundwa kwa ajili yake. Upo pia wa ngazi, mataruma yanayokatiza uso sambamba. Ni rahisi kutengeneza, ndiyo maana umejaa kwenye magitaa ya bei nafuu. Sauti yake hutoka haraka na kuisha haraka. Wengi huudharau. Mimi siudharau, kwa sababu kwa anayepiga kwa dole gumba na kidole cha shahada, kama walivyopiga akina Jean-Bosco Mwenda na George Mukabi, sauti inayokatika upesi huacha kila noti isimame peke yake.

Hili ndilo ninalowaeleza vijana wa one-man guitar, wanaoimba na kupiga peke yao, wanaokuja hapa wakitaka gitaa “lenye sauti kubwa”. Huwauliza wanapigia wapi. Mwimbaji wa mugithi anayechomeka gitaa kwenye spika klabuni hahitaji uso mwepesi. Uso mwepesi husikia spika, hutikisika nayo, ukairudishia sauti yake mpaka mtambo mzima unapiga yowe. Huyo namwachia mataruma yenye nyama. Anayeimbia kwaya bila umeme, au anayepiga barazani kwa vidole, ndiye ninayemkwangulia karibu na mpaka.

Sasa mti. Sisemi mti hauna maana, nitakuwa mwongo. Ila mti wa uso na mti wa mgongo havina uzito mmoja. Torres alilithibitisha hilo mwaka 1862 kwa kutengeneza gitaa lenye uso wa mbao nzuri, lakini mgongo na ubavu akaviunda kwa karatasi ngumu. Lipo katika jumba la makumbusho ya muziki Barcelona. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, kilichapisha utafiti uliotumia magitaa sita yaliyotofautiana kwa mti wa mgongo na ubavu tu, kuanzia rozwudi ya Brazili ya bei ya kutisha hadi sapele. Wapigaji 52 waliyajaribu kwenye mwanga hafifu wakiwa wamevalishwa miwani ya wachomeaji vyuma ili wasiuone mti. Tofauti waliyoisikia ilikuwa ndogo mno, na ile rozwudi haikushinda.

Niliposoma habari hiyo nilitoka nje nikasimama. Kwa miaka nilikuwa nikiwaomba radhi wateja kwamba sina rozwudi. Tangu hapo nimeacha. Mgongo na ubavu navitoa kwenye mti wa mukau kutoka Mbeere, hapa chini tu. Mukau hustahimili ukame na mchwa, watafiti wa misitu wa KEFRI wamefanya kazi kubwa ya kuuboresha huko Kitui, na ukoo wake ni uleule wa mahogani. Mbao yake ni nyekundu ya kahawia, hukubali kupindwa kwenye bomba la moto bila ubishi. Mukima nao, ule uliojaa mipakani mwa mashamba yetu ya kahawa tangu uletwe kutoka Australia, ukipasuliwa kutoka kiini kuelekea gome hutoa madoa yanayong'aa kama magamba. Vumbi lake linawasha ngozi. Anayeufanyia kazi avae mikono mirefu. Ubao wa vidole ni mpingo wa vipande vinavyobaki kwa wachongaji vinyago, mzito kiasi cha kuzama majini. Gitaa halihitaji kipande kikubwa.

Uso ndio ulionitesa. Duniani hutumiwa sprusi, mti wa nchi za baridi, mwepesi na mgumu kwa pamoja, mistari yake imenyooka kama rula. Kwetu hauoti. Nilijaribu saiprasi: harufu yake nzuri, lakini vifundo ni vingi, na pale penye kifundo mtetemo hupotea njia. Nilichokaa nacho ni podo ya zamani, mbao za dari na sakafu za nyumba zinazobomolewa, zilizokauka miongo kadhaa kabla mimi sijazigusa. Hupitia rundo zima nikigonga moja moja. Nyingi hujibu kama meza. Moja kati ya kumi huitika. Podo ni nzito kuliko sprusi, kwa hiyo huipunguza unene na kuacha mataruma yafanye kazi zaidi kwa urefu. Sauti yake si ile ya kumetameta ya gitaa la Marekani. Ina joto na ukavu kidogo, inakaa karibu na sauti ya mtu. Naipenda bila kuilinganisha.

Kitu kimoja kilinifunza kwa gharama: hali ya hewa. Nilifunga gitaa moja mwezi wa Julai, wakati wa baridi na manyunyu, mbao zikiwa zimenywa unyevu. Mwenye nalo alihamishiwa kazi Garissa. Kufikia Februari uso ulikuwa umepasuka kutoka daraja hadi mwisho, ufa mnyoofu kama mstari wa penseli. Mbao haipungui urefu. Hupungua upana, na mataruma yanayokatiza huushika upana huo na kuukataza. Ufa ndio njia pekee iliyobaki. Nililirekebisha bure. Siku hizi siku ya gundi huanza na sanduku lenye balbu, na mbao hukaa humo mpaka kipimo cha unyevu wa hewa kiseme asilimia 45.

Yule kijana wa Runyenjes alitaka nimwachie nyuzi za chuma. Nilimweleza kwamba hata nikibadilisha mataruma, shingo haina fimbo ya chuma ndani, itapinda. Alinyamaza, kisha akasema kinyonge, “Lakini nailoni haina sauti, fundi. Kanisa ni kubwa.”

Nilivua nyuzi zote. Nikaweka kitambaa chenye unyevu na joto juu ya uvimbe, nikaukandamiza kati ya mbao mbili kwa siku nne, kisha nikavibandika upya vile vidole viwili kwa mkono uliopita tunduni. Cha katikati, kilichokuwa na ufa, nikakibadilisha kwa podo. Aliporudi nilikuwa nimeshafunga nailoni. Alipiga uzi wa sita, akauacha ulie, akaweka kiganja juu ya uso bila kuukandamiza. Ubao ulikuwa ukitetemeka mkononi mwake.

“Lilikuwa halifanyi hivi,” akasema.

Akakaa kwenye kiti cha wateja akapiga nyimbo tatu za kwaya mfululizo, mwenye kibanda cha jirani akaja kusimama mlangoni. Kabla hajalifunga kwenye shuka nililichukua mara moja tena, nikapitisha penseli tunduni, nikaandika chini ya uso kwa herufi kubwa, pale fundi mwingine mwenye kioo atakapoona: NAILONI TU.