Kashata, Kipara na Tairi Kakamavu

Mdogo wangu alipofariki aliacha shamba la migomba, mtoto mmoja wa kiume, na gari aina ya Toyota Mark II. Shamba halikuwa na ugomvi wowote. Mtoto na gari ndivyo vilivyonipa kazi, na kazi hiyo ilinifunza neno moja la Kiswahili ambalo nilidhani nalijua tangu nikiwa chuo cha ualimu.

Mwezi Aprili mwaka 2024, masika yakiwa yamekolea, kijana huyo alikuja kwangu Muleba akitokea Bukoba. Alinisalimu, akanywa chai, akanyamaza kidogo kama afanyavyo mtu mwenye haja, kisha akatoa simu.

“Baba mkubwa, nataka kubadilisha matairi ya gari la marehemu baba. Naomba unikopeshe. Nitakulipa kahawa ikiuzwa.”

Picha aliyonionyesha ilikuwa ya tairi pana, jeusi, lenye mifereji michache mno. Akanieleza kwamba hayo ni matairi ya radiali ya mbio za dragi, yaani mbio fupi za kwenda moja kwa moja, robo maili, sawa na mita 402. Wamarekani huyafunga nyuma ya magari yao ya misuli, jamii ya Pontiac GTO ya mwaka 1964, na baadhi yao huyatumia hata katika barabara za kawaida. Mpira wake ni laini, hivyo hunata. Ubavu wake nao ni mlegevu. Injini ikisukuma kwa nguvu, ubavu hukunjamana na tairi likaikumbatia lami. Kwa kuwa Mark II ile ina silinda 6, na nguvu yake huenda magurudumu ya nyuma, kijana aliona kwamba imenyimwa haki yake kwa kuvalishwa matairi ya kawaida.

Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha mwalimu aliyestaafu akaamka ndani yangu.

Nikamwambia kwamba ulaini ule una gharama. Mpira unaonata ndio unaolika upesi. Tena hunata vizuri ukiwa umepata joto na barabara ikiwa kavu. Kwenye maji mengi, mifereji ndiyo inayoyapa maji njia ya kutoka. Ikiwa haba, tairi hupanda juu ya maji na kuelea, na dereva hubaki ameshika usukani usiotawala kitu. Nikamkumbusha kwamba Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na kwamba Jumapili yeye ndiye humpeleka mama yake kanisani. “Mwanangu,” nikahitimisha, “umechagua tairi la barabara unayoiota, si la barabara unayoipita.”

Kauli hiyo ilinipendeza mwenyewe. Nikaiendeleza, kama tufanyavyo sisi tulioshika chaki zaidi ya miaka thelathini. Nikamweleza kwamba hata mshairi chipukizi hukosea hivyo hivyo: hukutana na neno zuri, akalipachika katika ubeti usiolihitaji, na shairi zima likateleza.

Chuoni tulifundishwa kwamba somo halikamiliki bila zana ya kufundishia. Nikamtoa nje hadi kwenye Corolla yangu. “Tazama kashata hizi,” nikamwambia.

Ndugu msomaji, neno hilo hunifurahisha kila nilisikiapo. Kashata tunayoila ni ya nazi au karanga, iliyokatwa vipande vyenye pembe. Mafundi wetu waliona vipande vya mpira vilivyojipanga usoni mwa tairi, wakaona vimekatwa kama kashata, wakaviita hivyo. Kashata zikiisha, tairi huitwa kipara, nalo ni jina lisilohitaji maelezo. Hakuna kamati iliyoketi kuyaunda maneno hayo. Yalizaliwa kando ya barabara, kwenye jeki na vumbi. Ajabu ni kwamba katika mbio za dragi zenyewe kipara si aibu. Yako matairi ya mashindano yanayotoka kiwandani bila kashata hata moja, kwa sababu kwenye njia kavu uso wote wa mpira hugusa ardhi. Kipara humwaibisha mwenye gari pale mvua inaponyesha.

Kashata zangu zilikuwa ndefu na nyeusi. Nilikuwa nimeyanunua matairi yale miaka mitatu kabla, ya mtumba, nikijisifu kwamba nimepata mali isiyotumika. Kijana akayatazama, akakubali kwa heshima. Tukapatana twende Bukoba pamoja, tukamchagulie matairi ya mvua.

Njia ile ni ya kilomita zipatazo 70. Mvua ilitukuta kabla ya Muhutwe. Mbele yetu alikuwapo mtu akisukuma baiskeli iliyosheheni mikungu ya ndizi, nami nikakanyaga breki mapema, bila papara, kama mzee mwenye busara. Gari halikusimama. Nilizungusha usukani, gari likaendelea kwenda lilikotaka. Lilitulia ubavuni mwa baiskeli, nafasi iliyobaki ikiwa haitoshi mkungu mmoja. Yule bwana alitutazama, akatikisa kichwa, akaendelea kusukuma. Nikasema lami imemwagikiwa mafuta. Kijana hakujibu.

Mtaani Hamugembe tulimkuta fundi wa matairi. Kabla sijaeleza shida ya Mark II, kijana akamwomba aitazame Corolla kwanza. Fundi akachuchumaa, akafuta ubavu wa tairi kwa kitambaa, akasoma kwa kidole tarakimu nne zilizofuata herufi DOT: 3511.

“Mwalimu, hili limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2011.”

Nikapiga hesabu kimyakimya: mwaka wa kumi na tatu. Baadhi ya watengenezaji hushauri tairi lisizidi miaka kumi hata kama linaonekana zima. Fundi akalibonyeza kwa ukucha. Ukucha haukuzama hata chembe. Akazipanua kashata kwa vidole, na chini yake nikaona nyufa nyembamba kama zile za udongo wa kiangazi. “Kashata zipo,” akasema, “ila mpira umekakamaa.”

Umekakamaa! Mimi ndiye niliyeandika katika ripoti za wanafunzi, mwaka baada ya mwaka, “kijana mkakamavu”. Lilikuwa neno la sifa: asiyeyumba, asiyelegea. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu chaweza kukakamaa hadi kikashindwa kazi yake. Tairi la mvua halina budi kuwa na ulaini wa kiasi, lijikunje kufuata mikwaruzo ya lami, liishike. Likikakamaa, huipita lami kama mtu apitaye bila kusalimia. Kijana alikuwa anatamani laini kupita kiasi, nami nilikuwa nimepanda kakamavu kupita kiasi, nikimfundisha juu yake. Na kwa miaka mitatu, kila Jumapili, nilikuwa nimewapakia mke wangu na wajukuu juu ya matairi yale, huku nikijivunia weusi wake.

Tulitafuta matairi mapya. Kwa mara ya kwanza nilisoma ubavu wa tairi kama nisomavyo ubeti, alama kwa alama. Kwenye tairi la saizi ya Mark II niliona 205/65R15 94H. Upana ni milimita 205. Kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. R ni radiali. Rimu ni ya inchi 15. Namba 94 ni uwezo wa kubeba kilo 670 kwa kila tairi, na H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa. Kisha zikafuata zile tarakimu nne, ambazo sasa nilizitafuta kabla ya zote. Kumbe tairi lilikuwa na maandishi siku zote, nami mwalimu wa lugha sikuwahi kuinama nikayasoma.

Fedha niliyochukua ilitosha gari moja. Nilikuwa tayari kutimiza ahadi, lakini kijana akanitangulia: “Baba mkubwa, tuanze na gari lako. La marehemu litasubiri kahawa iuzwe.” Nikageuka nikajifanya natazama mvua.

Yule fundi alitaka kuyachukua matairi ya zamani. Kijana alimwomba kisu, akayachana ubavuni moja baada ya jingine, ili asije mtu akavutiwa na kashata zake kama nilivyovutiwa mimi. Ndipo akamwachia, wapewe washona katambuga.

Kiswahili chetu kina kipara kwa tairi lililokwisha usoni, na pancha kwa lililotoboka. Sijasikia bado jina la tairi lililozeeka ndani huku uso wake ukiwa mzima. Na kisicho na jina ni rahisi kukipita bila kukiona. Mimi nimeanza kuliita tairi kakamavu. Kama kwenu, iwe Tanga, Mombasa au Bukavu, mafundi wana neno lililo bora zaidi, niandikieni. Na kabla ya kuniandikia, toka kwanza nje na kitambaa, ufute ubavu wa tairi lako, usome tarakimu nne.