Kilichochakaa si cha Kutupwa

Jambo nitakalokueleza leo ni dogo kwa sura yake, lakini limenifunza mengi, nami sikupenda kulificha ijapokuwa ndani yake mna aibu yangu mwenyewe.

Mama yangu ni mtu mzima, na macho yake yamepungua nguvu. Msahafu wa karatasi, hata ule wa herufi kubwa, hawezi tena kuusoma. Basi ndugu yangu aliyeko Maskati akamletea tableti, ambayo herufi zake hukuzwa kwa kadiri mtu atakavyo. Tangu siku hiyo, kila baada ya sala ya Alfajiri, mama hukaa mkekani akasoma juzuu yake bila ya kumsumbua mtu.

Nami nikataka nionekane mtoto mwema. Nikaenda dukani nikanunua kava la shilingi 1,800, lenye nakshi za rangi ya dhahabu. Nililitazama nje, ndani sikulitazama. Kipya kinyemi, ingawa kidonda! Haukutimia mwezi, nikaiacha tableti ukingoni mwa kitanda, ikaanguka, na kioo kikapasuka kila upande kama utando wa buibui. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, hayo ndiyo yaliyokuwa macho yangu."

Fundi alinitoza shilingi 6,000 kwa kioo kipya, akanifunza na neno la bure. Alisema, kitu kama hiki kikianguka, mara nyingi pembe ndiyo hutangulia, na nguvu yote ya pigo hukusanyika mahali padogo. Akalibonyeza kava langu la fahari: pembeni hamna kitu cha kulipokea pigo hilo.

Nikarudi nyumbani na azma ya kutengeneza jalada kwa mkono wangu. Nikakumbuka lile jahazi la Lamu liitwalo Flipflopi, lililoshushwa majini mwaka 2018, likiwa limeundwa kwa plastiki zilizotupwa na kupambwa kwa ndara kuukuu zipatazo 30,000. Mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Nikasema, ikiwa ndara zilizotupwa zimevuka bahari, hazitashindwa kulinda pembe nne. Nikaokota ndara zilizokatika, nikaanza kuzikata.

Mama aliponiona akauliza, "Kiatu, mwanangu, kiguse kitu nisomeacho maneno ya Mola?" Ningaliweza kumjibu kuwa nimeziosha. Lakini, ndugu msomaji, adabu haiishii katika tohara peke yake. Nikaziweka kando. Mama akainuka, akafungua sanduku lake, akanipa kanzu ya marehemu baba iliyochanika mabegani. Alikuwa ameihifadhi miaka 11.

Hivi ndivyo nilivyofanya. Nilikata katoni nene vipande viwili, kila kimoja kikizidi tableti kwa sentimita moja kila upande. Kila kipande nikakitia tabaka mbili, mistari ya moja ikienda wima na ya pili ikienda mapana, kwa sababu katoni hukunjika kwa kufuata mistari yake. Pembe nne nikazishonea vifuko vya tyubu kuukuu ya baiskeli, iliyooshwa kwa sabuni na kukunjwa mara nne, ikatokeza kupita ukingo wa kioo, ili sakafu ikutane na mpira kwanza. Nje nikavika turubai kuukuu, na ndani kitambaa cha ile kanzu, kilichofuliwa na kukung'utwa vizuri, maana mchanga ndio unaokwaruza kioo. Nikaacha matundu ya kamera, ya sauti na ya waya wa chaji. Kila mahali nikashona kwa uzi wa nailoni, kwani joto na unyevu wa pwani yetu huilegeza gundi. Na wakati wa kuchaji huiacha wazi, ili joto lipate pa kutokea.

Lilipokwisha, binti yangu alicheka akasema, "Baba, watu watatuonaje?" Sikumlaumu, kwa sababu swali hilo hilo ndilo lililonipeleka dukani. Juzi yeye mwenyewe aliiangusha tableti kwa bahati mbaya. Ikapiga pembe, ikadunda, ikalala nzima. Tangu hapo hajauliza tena.

Ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu ametukataza ubadhirifu katika Sura ya Bani Israil. Nasi hudhani mbadhirifu ni yule atupaye mali nyingi. Kumbe hata shilingi chache zikitumiwa kwa ajili ya macho ya watu, na kile tulichoaminiwa kikabaki bila ya ulinzi, huo nao ni ubadhirifu. Bibi Aisha ametuhadithia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake na kukarabati viatu vyake kwa mkono wake. Basi sisi ni nani hata tuone haya kushika sindano?

Leo mama akimaliza kusoma hulifunga lile jalada, akapitisha kiganja juu ya kitambaa cha kanzu, akamwombea baba dua. Kava la nakshi za dhahabu lisingaliweza kumkumbusha hilo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitunza amana zetu, na awarehemu wazee wetu waliotangulia. Amin.