Tangazo la Msikiti Limfikie na Kiziwi

Hapa Keko, miongoni mwa mafundi wa samani, yupo seremala kiziwi asiyechelewa swala ya Ijumaa. Huketi safu ya mbele, humtazama khatibu tangu mwanzo hadi mwisho, kisha huondoka bila kujua kilichosemwa. Janaza ikitangazwa kwa kipaza sauti, habari humfikia watu wakiwa wamekwisharejea kutoka makaburini. Tahadhari ya kipindupindu nayo humpita vivyo hivyo.

Wapo wasemao: asome ubaoni. Lakini Lugha ya Alama ya Tanzania si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Ina sarufi yake. Aliyezaliwa kiziwi hakuwahi kukisikia Kiswahili, na wengi walichelewa kupelekwa shule au hawakupelekwa kabisa. Kwao, karatasi ya ubaoni ni lugha ya pili.

Sura ya 80, Abasa, yatukumbusha kisa cha Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu aliyemjia Mtume (s.a.w.) akitaka kufundishwa, ilhali Mtume akizungumza na wakubwa wa Makuraishi. Baadaye kipofu huyo alikuwa miongoni mwa waadhini wa Madina. Mafunzo yake ni wazi: mwenye kuitafuta elimu hawekwi kando kwa sababu ya ulemavu wake.

Ndiyo maana sisi wa kamati tumekusudia kuweka ubaoni msimbo wa QR, kile kimraba cha madoa meusi tunachokiona kwenye risiti za TRA na kwenye vibao vya kulipia kwa simu madukani. Ulibuniwa Japani mwaka 1994 kwa kufuatilia vipuri vya magari. Mtu ataskani kwa simu yake, na papo hapo ataona video fupi ya tangazo hilo kwa lugha ya alama. Kuutengeneza hakuna gharama kubwa, na ukurasa ukibaki uleule, video hubadilishwa kila wiki bila kuchapisha karatasi mpya.

Hata hivyo, tumewekeana masharti. Kwanza, mwenye kuonekana kwenye video awe kiziwi mwenyewe au mkalimani hodari, si mmoja wetu aliyejifunza alama tano. Alama za zaka, janaza na mirathi ziafikiwe na Waislamu viziwi wenyewe. Pili, video isizidi dakika moja, kwani bando ni ghali. Tatu, pembeni mwa msimbo uwekwe mchoro wa mikono, ili ajue umewekwa kwa ajili yake. Nne, ubandikwe pia mlango wa akina mama, maana dada zetu viziwi ndio husahaulika zaidi. Tano, ukaguliwe kila Ijumaa, asije tapeli akabandika wake juu yake.

Msimbo haumwondoi mkalimani. Khutba yataka mtu asimame mbele ya safu, na asiye na simu ya kisasa bado atamhitaji jirani. Lakini Katiba ya Uganda ya 1995 na ya Kenya ya 2010 zimeitaja lugha ya alama, na hapa kwetu ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Haifai misikiti iwe nyuma ya mabunge.

Wazazi wenye watoto viziwi, waleteni msikitini. Nasi tunaoswali nao, tujifunze walau alama ya salamu. Kurejesha salamu ni wajibu wetu.

Wabillahi tawfiq.